Kadi ya asilimia 2, kadi ya ndege au kadi ya pointi: ipi ikulipie tiketi ya nyumbani?

Mtu anayeishi Marekani akipanga kwenda kusalimia nyumbani, iwe Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura au Lubumbashi, kikwazo cha kwanza ni tiketi. Kwa kichwa kimoja inavuka dola 1,000 kirahisi, na Desemba inapaa zaidi. Hapo ndipo ushauri unapomiminika. Mmoja atakwambia uchukue kadi ya mkopo ya shirika la ndege, kwa sababu wanatoa maili nyingi za kujiunga, yaani pointi za shirika la ndege unazolipia tiketi. Mwingine atasema kadi ya pointi za benki ndiyo mpango mzima. Wa tatu atakushauri uachane na hesabu za maili, uchukue kadi inayorudisha asilimia 2 ya kila unachonunua, kisha tiketi uinunue kwa pesa yako. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa maisha yake.

Msimamo wangu niuseme mapema. Bonasi ya kujiunga inaamua mwaka wa kwanza tu. Kadi ichague kwa kuangalia mwaka wa pili, na kwa kuangalia ndege utakayopanda kweli ukienda nyumbani.

Kabla ya kadi yoyote

Yote yaliyomo humu yanamhusu mtu anayelipa salio lake lote kila mwezi. Wastani wa riba ya kadi za mkopo Marekani umekuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka tangu 2023. Ukibaki na deni la dola 4,000 kwa riba ya asilimia 22, unalipa kama dola 73 kila mwezi, riba tupu, na deni halijapungua hata senti. Miezi kumi ya namna hiyo inakula zaidi ya dola 730, ambayo ni thamani ya bonasi nzima ya kadi nyingi.

Ni vizuri pia kujua pesa ya zawadi hizi inatoka wapi. Kila unapolipa kwa kadi ya mkopo, duka linakatwa karibu asilimia 2, pengine zaidi, na benki iliyokupa kadi inabaki na fungu kubwa la makato hayo. Kwa kadi za debiti za benki kubwa, sheria ya mwaka 2010 iliweka ukomo wa makato, ndiyo maana leo ni nadra kuona debiti yenye pointi. Fungu jingine linatoka kwa wanaolipa riba. Kwa hiyo anayebaki na deni ndiye anayemchangia tiketi anayemaliza salio lake. Hili linaniuma, maana wengi wetu tunaotuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi ndio tunaoangukia upande wa riba, huku tukiamini kwamba pointi zinatufidia.

Vigezo vya kulinganisha

Kila kadi nitaipima kwa mambo manne. La kwanza ni bonasi: ni kiasi gani, na inakutaka utumie pesa kiasi gani kwa muda gani. La pili ni mwaka wa pili, bonasi ikiwa imeshaliwa na ada ya mwaka imeanza kukatwa. La tatu ni safari ya nyumbani: je, kadi hiyo inakupandisha ndege inayofika kwenu, na ukiwa kule inakutoza ada kwa kununua kwa shilingi au faranga? La nne ni usumbufu, kwa sababu muda wa mtu anayefanya shifti mbili una thamani yake.

Ili hesabu zisielee hewani, tuchukue nyumba moja ya mfano. Inatumia dola 1,500 kwa mwezi kwenye kadi: dola 500 chakula cha dukani, dola 200 migahawa, na dola 800 mafuta, simu, bima na mahitaji ya watoto. Kwa mwaka ni dola 18,000. Kodi ya nyumba haimo, maana wenye nyumba wengi hawapokei kadi au wanaongeza ada juu yake.

Kadi ya asilimia 2

Zinazojulikana zaidi ni Wells Fargo Active Cash na Citi Double Cash. Hazina ada ya mwaka. Citi hutoa asilimia 1 unaponunua na asilimia 1 unapolipa. Wells Fargo hutoa asilimia 2 moja kwa moja.

Bonasi. Ni ndogo, lakini inafikika bila kujikamua. Ofa ya Active Cash kwa muda mrefu imekuwa dola 200 ukitumia dola 500 ndani ya miezi 3, na Double Cash imekuwa dola 200 ukitumia dola 1,500 ndani ya miezi 6. Nyumba yetu ya mfano inafikia ya kwanza kwa wiki mbili za manunuzi ya kawaida.

Mwaka wa pili. Dola 18,000 mara asilimia 2 ni dola 360. Hakuna ada ya kutoa. Hii namba 360 iweke kichwani, kwa sababu ndiyo kipimo ambacho kadi nyingine mbili zinapaswa kukishinda. Wauzaji wa kadi za maili hulinganisha kadi yao na kutokuwa na kadi kabisa. Wewe ilinganishe na dola 360 zilizo mfukoni.

Safari ya nyumbani. Nguvu yake iko hapa: pesa inanunua tiketi yoyote. Ofa ya Kenya Airways kutoka New York, Qatar kupitia Doha, Turkish kupitia Istanbul, au tiketi ya wakala wa mtaani kwenu anayejua kupanga watu watano kwenye ndege moja. Hakuna kusaka viti maalumu vya kulipia kwa maili, na hakuna tarehe zilizofungwa.

Udhaifu unaanza ukishatua. Kadi zote mbili nilizotaja hutoza asilimia 3 kwa manunuzi ya nje ya Marekani. Ukilipa hoteli Zanzibar kwa kadi hii, unarudishiwa 2 na unakatwa 3, yaani unalipia fahari ya kuswaipu. Kwa safari, iache kwenye droo.

Usumbufu. Haupo. Unaomba, unatumia, unarudishiwa.

Inamfaa nani. Mwenye familia kubwa, asiye na tarehe za kuchezea, anayepanga kwa bei ya ofa, na yeyote ambaye hataki kadi iwe kazi ya pili.

Kadi ya shirika la ndege

Hapa nazungumzia kadi kama Delta SkyMiles Gold ya American Express na United Explorer ya Chase. Zote mbili zina ada ya dola 150 kwa mwaka, na mara nyingi mwaka wa kwanza husamehewa.

Bonasi. Inavutia. Ofa za Delta Gold mara nyingi huwa kati ya maili 40,000 na 80,000, kwa matumizi ya dola elfu mbili au tatu hivi. Kwa nyumba yetu, hilo linafikika ndani ya miezi miwili. Ukijumlisha na msamaha wa ada, mwaka wa kwanza wa kadi hizi ni mtamu.

Mwaka wa pili. Delta Gold inatoa maili 2 kwa kila dola kwenye migahawa, maduka ya chakula ya Marekani na tiketi za Delta. Pengine pote ni maili 1. Nyumba yetu itapata maili 16,800 kwenye chakula na 9,600 kwenye mengine, jumla 26,400. Tuseme kila maili ina thamani ya senti 1.2: hiyo ni kama dola 317. Toa ada ya dola 150, inabaki 167. Kadi ya asilimia 2 ilikuachia 360. Pengo hilo halizibwi na pointi. Kinachoweza kuliziba ni manufaa ya pembeni, hasa begi la kwanza la bure.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hawaambiwi. Begi la bure linatolewa kwenye ndege zinazoendeshwa na shirika lenyewe. Delta na United hawana ndege ya abiria inayotua Afrika Mashariki. Delta ilijaribu: safari yake ya kwanza ya kwenda Nairobi ilipangwa Juni 2009, na ikasitishwa dakika za mwisho baada ya serikali ya Marekani kukataa kutoa kibali kwa sababu za usalama. Tangu hapo, mtu mwenye maili za Delta anafika nyumbani kwa Kenya Airways, KLM au Air France, washirika wake katika muungano wa mashirika ya ndege uitwao SkyTeam. Mwenye maili za United hufika kwa Ethiopian, Turkish, Lufthansa au Brussels Airlines, wa muungano wa Star Alliance. Tiketi za Kenya Airways na Ethiopian za kwenda Marekani kwa kawaida zina mabegi mawili ya kilo 23 ndani yake tayari, kwa hiyo manufaa ya begi hayakuongezei kitu kwenye safari unayoiwazia. Vivyo hivyo punguzo la asilimia 15 ambalo mwenye Delta Gold hupewa akilipa kwa maili: ni kwa ndege za Delta yenyewe, washirika hawamo.

Lakini kwa safari za ndani mambo hugeuka. Anayeishi Minneapolis au Atlanta, na kila mwaka anaenda na mwenziwe harusi ya Dallas, msiba wa Columbus na mahafali ya Seattle kwa Delta, anaokoa ada ya begi kila anapopanda, kwenda na kurudi, na mwenziwe pia kama wamekata tiketi pamoja. Kwake dola 150 zinarudi bila shida. Ni hivyohivyo kwa United kwa wakaazi wa Houston, Denver, Newark au vitongoji vya Washington.

Safari ya nyumbani. Maili za United kwenye Ethiopian ni njia nzuri, kwa sababu United haiongezi tozo za mafuta juu ya tiketi ya maili. Ethiopian inaruka kutoka Washington Dulles, Chicago na miji mingine hadi Addis Ababa, na kutoka hapo inafika Dar, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Kwa Mkongo wa Katanga au Mrundi, mtandao huo ni vigumu kuupata kwingine. Kadi zote mbili pia hazitozi ada ya manunuzi ya nje.

Tatizo la maili za shirika moja ni kwamba wenyewe ndio wanaopanga bei, na wanaweza kuipandisha wakati wowote. Delta iliondoa jedwali la bei za maili mwaka 2015, United ikafuata 2019. Septemba 2024, Wizara ya Usafirishaji ya Marekani iliyataka mashirika manne makubwa, American, Delta, Southwest na United, yatoe maelezo kuhusu namna yanavyoendesha programu hizi, ikiwemo kushusha thamani ya pointi ambazo watu wameshazichuma. Usizilaze maili miaka mitano ukingoja siku nzuri. Zikifika tiketi, panda.

Usumbufu. Wa kati. Unajifunza programu moja tu, lakini umefungwa nayo.

Inamfaa nani. Anayekaa karibu na kituo kikuu cha shirika hilo na anayepanda ndege zake ndani ya Marekani mara kadhaa kwa mwaka.

Kadi ya pointi zinazohamishika

Hizi ni kadi za benki ambazo pointi zake unaweza kuzihamishia mashirika mengi ya ndege. Nitashika tatu: Chase Sapphire Preferred na Capital One Venture, zenye ada ya dola 95, na American Express (Amex) Gold yenye ada ya dola 325.

Bonasi. Ndizo kubwa kuliko zote. Sapphire Preferred katika miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka kati ya pointi 60,000 na 100,000, na Venture mara nyingi hukaa kwenye 75,000. Masharti nayo ni makubwa: dola 4,000 au 5,000 ndani ya miezi 3. Rudi kwenye nyumba yetu. Miezi mitatu kwake ni dola 4,500. Sharti la dola 4,000 inalifikia kwa maisha ya kawaida. Kwa la dola 5,000 inapungukiwa na dola 500. Pengo dogo kama hilo linazibika kwa kulipa bima ya gari ya miezi sita kwa mkupuo, au kwa kuomba kadi wiki chache kabla ya kununua tiketi zenyewe. Njia nyingine inayotumika kwenye jumuiya zetu ni kulipia ukumbi wa sherehe kwa kadi yako huku wanakamati wakikurushia michango yao kwa Zelle, huduma ya kutumiana pesa kati ya benki za Marekani. Inafanya kazi, mradi michango iwe imeshaingia kabla hujalipa. Ukilipa kwanza ukangoja ahadi, deni litakuwa lako peke yako.

Mwaka wa pili. Hapa kadi hizi zinatengana. Sapphire inatoa pointi 3 kwenye migahawa, 2 kwenye usafiri, na 1 kwenye mengi yaliyobaki, pamoja na chakula unachonunua mwenyewe dukani. Nyumba yetu itapata 7,200 kwenye migahawa na 15,600 kwingine: 22,800. Venture inatoa 2 kwa kila kitu: 36,000. Amex Gold inatoa 4 kwenye migahawa na maduka ya chakula ya Marekani, 1 kwingine: 43,200.

Pointi hizo zina thamani gani? Kanuni ni moja: chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa kodi utakazolipa hata ukitumia pointi, gawanya kwa idadi ya pointi. Mfano: tiketi ya kwenda tu ya dola 750, kodi dola 50, inauzwa kwa pointi 44,000. Dola 700 gawanya kwa 44,000 ni senti 1.59 kwa pointi. Kwa thamani hiyo, Sapphire inaiachia nyumba yetu kama dola 267 baada ya ada, Venture kama 477, na Amex Gold kama 362. Kipimo kilikuwa 360. Venture imeshinda wazi, Amex Gold imetoka sare, Sapphire imeshindwa. Sapphire ingehitaji karibu senti 2 kwa kila pointi ili ifikie kipimo. Nyumba inayokula nje sana ingeona matokeo tofauti, kwa hiyo weka namba zako mwenyewe. Amex Gold pia hurudisha pesa kidogokidogo kila mwezi kwenye Uber na migahawa fulani. Zihesabu tu kama ni mahali ambapo ungetumia pesa hata bila kadi.

Ukizitumia vibaya, thamani inaporomoka. Pointi za Amex ukizigeuza kulipia salio la kadi ni senti 0.6 tu kila moja, na maili za Venture ukitaka pesa taslimu ni senti 0.5. Pointi 43,200 kwa senti 0.6 ni dola 259, pungufu ya ada yenyewe ya dola 325.

Safari ya nyumbani. Hii ndiyo sababu ya kuvumilia ada. Benki zote tatu zinahamishia Flying Blue, programu ya Air France na KLM, ambayo pia inakata tiketi za Kenya Airways. Zote tatu zinahamishia Aeroplan ya Air Canada, ambayo inakata tiketi za Ethiopian, Turkish na Brussels Airlines bila tozo za mafuta, na kwa kuongeza pointi 5,000 inakuruhusu kusimama siku kadhaa njiani, Addis Ababa au Istanbul kwa mfano. Shirika moja likipandisha bei, unahamia lingine. Kuwa macho tu na British Airways, maarufu kwa tozo nzito juu ya tiketi za maili. Unaweza kumaliza pointi na bado ukadaiwa mamia ya dola. Kadi zote tatu hazitozi ada ya manunuzi ya nje.

Usumbufu. Mkubwa, na nisingependa mtu aingie bila kujua. Viti vya maili huonekana kama miezi kumi na moja kabla ya safari. Kwa Februari, Mei au Oktoba, mtu mmoja au wawili wanapata bila shida sana. Kwa viti vitano vya pamoja wiki ya kabla ya Krismasi, utapekua kalenda siku baada ya siku na mara nyingi utaambulia kimoja hapa, viwili kule, au bei iliyopaa mara mbili. Na pointi zikishahama hazirudi. Tafuta kiti kwanza, kione kwa macho yako kwenye tovuti ya shirika, ndipo uhamishe.

Inamfaa nani. Mwenye tarehe zinazonyumbuka, anayesafiri peke yake au na mwenzi, anayependa kupekua, na asiyeshtuka kupanga safari mwaka mmoja mbele.

Mitego inayowahusu wote

Saa ya bonasi inaanza kuhesabika siku ulipokubaliwa, hata kama kadi imechelewa posta. Ada ya mwaka haihesabiki kwenye matumizi, na bidhaa uliyorudisha dukani inatolewa kwenye hesabu.

Chase kwa kawaida hukataa mtu aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24. Amex kwa kawaida hutoa bonasi mara moja tu maishani kwa kila kadi. Kwa hiyo utaratibu una maana: ukiikimbilia Amex kwa ofa ndogo, ile kubwa ya mwaka ujao haitakuhusu.

Mtego unaotuhusu sisi hasa ni kutuma pesa nyumbani kwa kadi ya mkopo. Benki inaweza kuhesabu muamala huo kama umechukua pesa taslimu: unatozwa ada, mara nyingi asilimia 5, riba inaanza siku hiyohiyo bila muda wa neema, pointi hupati, na kwenye bonasi hauhesabiki. Tangu Januari 1, 2026, anayetuma pesa nje ya Marekani kwa kulipa noti dirishani anatozwa ushuru wa asilimia 1, na kadi zimesamehewa. Kuna watakaovutwa na msamaha huo kutumia kadi ya mkopo. Kadi ya debiti nayo imesamehewa. Tuma kwa hiyo.

Ukiwa Nairobi au Dar na mhudumu akakuletea mashine, itakuuliza kwenye kioo: dola au shilingi? Dola zinaonekana za kirafiki, kwa sababu ndizo unazozijua. Ukizichagua, anayebadilisha pesa ni kampuni ya ile mashine, kwa bei yake, ambayo kwa kawaida ni mbaya kuliko ya kadi yako. Bonyeza shilingi. Na kama mhudumu ameshakubonyezea dola, mwombe afute aanze upya kabla hujaweka sahihi.

Kuhusu kodi: bonasi ya kadi iliyokutaka utumie pesa, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa kawaida huichukulia kama punguzo la bei, si kipato. Bonasi ya kufungua akaunti ya benki ni kipato, na utaletewa fomu.

Kwa hali yako

Kama umefika Marekani karibuni na huna historia ya mkopo, zote tatu zingoje. Anza na kadi ya dhamana, ambayo unaiwekea amana kwanza. Baada ya miezi kadhaa benki inaweza kukupima kama itakurudishia amana. Au mwenzi wako mwenye kadi ya siku nyingi akuongeze kwenye akaunti yake. Historia ya kulipa kwa wakati ni asilimia 35 ya alama za FICO, ambazo benki hutumia kukupima kama unakopesheka, na hiyo hainunuliki kwa bonasi.

Kama una deni la kadi sasa hivi, nguvu zote ziende kwenye deni. Pointi zitakuwepo.

Kama unapanga kununua nyumba ndani ya mwaka mmoja, usiombe kadi mpya yoyote. Maombi hukaa miaka miwili kwenye ripoti yako ya mikopo, na benki ya nyumba itauliza.

Kama mko watano na shule inawafunga mwende Desemba au Julai, chukua ya asilimia 2, nunua tiketi mapema kwa pesa. Wazazi wote wawili wakiwa na kipato, kila mmoja anaweza kuchukua yake na bonasi yake. Kwa manunuzi ya kule, beba kadi nyingine isiyotoza ada ya nje.

Kama uko peke yako au wawili, mnaweza kwenda Februari, na mnalipa salio lote kila mwezi, kadi ya pointi itawapa zaidi. Ikiwa matumizi yenu yametawanyika, Venture ni rahisi kuhesabu. Ikiwa chakula ndicho kinachomeza bajeti, pimeni Amex Gold na ada yake bila huruma.

Kama kwenu ni Lubumbashi, Bujumbura au Kigali, fuata Star Alliance: kadi ya United ikiwa unaishi karibu na vituo vyake, au kadi ya pointi zinazohamia Aeroplan.

Kama unaishi Minneapolis au Atlanta na safari zako nyingi ni za ndani kwa Delta, kadi ya Delta inajilipa kwa mabegi. Safari ya nyumbani ihesabu kando, kwa pesa au kwa Flying Blue.

Na kama umeshachukua kadi yenye ada na mwaka wa kwanza unakaribia kwisha, piga simu benki wiki chache kabla ya ada kukatwa. Uliza kama wana ofa ya kukubakiza, au kama wanaweza kukuhamishia kadi ya benki hiyohiyo isiyo na ada. Ukihamishwa badala ya kufunga akaunti, umri wa akaunti unabaki. Pointi za benki, kabla ya kufunga chochote, zihamishe au zitumie kwanza.